Grafu kumi na mbili na bado wamenikataa

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi natafuta kazi ya uchambuzi wa data. Juzi kampuni moja wakanitumia faili la Excel la mauzo, wakataka dashibodi na maoni yangu juu ya biashara, muda siku tatu. Nimekesha, nikaweka grafu kumi na mbili, rangi, vichujio kila kona, nikatuma. Majibu yamekuja, wameendelea na mtu mwingine, sababu hawajasema. Hivi wanaangalia nini hasa kwenye hizi asaimenti? Na je, si wanatutumia bure tu? Nina nyingine wiki hii, wametuma majedwali mawili ya wateja na oda, wanataka SQL, ile lugha ya kuuliza data kwenye majedwali.

JIBU: Pole mdogo wangu, ila hizo grafu kumi na mbili ndo zinanipa wasiwasi. Anayesahihisha mara nyingi ni mchambuzi mwenzio aliyebanwa na kazi zake, anafungua faili lako kwa dakika chache tu, na anachotafuta kwanza ni kama uliikagua data kabla hujaanza kuipamba. Haya mafaili yanakuja na uchafu, mwingine umewekwa makusudi kabisa: oda imeingia mara mbili, tarehe 04/05 hujui ni Aprili 5 au Mei 4, bei hasi ambazo pengine ni bidhaa zilizorudishwa. Ukizifuta kimya kimya umeumia, ukiziacha kimya kimya umeumia vilevile. We andika tu: nimekuta oda 37 zimejirudia nikabakiza moja moja, bei hasi nimezihesabu kama marejesho, kama sivyo nitarekebisha. Mtu akisoma hivyo anajua anaweza kukuachia ripoti ya bosi bila kukusimamia.

Sasa hiyo ya majedwali mawili, angalia sana wateja ambao hawajawahi kuagiza. Unaunganisha kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila mteja hata asiye na oda, safi, alafu chini unaweka WHERE ya tarehe ya oda na hapo hapo wamepotea wote, maana tarehe yao ni NULL, yaani pako tupu, na NULL haipiti kwenye hicho kichujio. Sharti la tarehe lipeleke kwenye ON, pale unapoeleza majedwali yanaunganaje. Na ukihesabu oda za kila mteja usitumie COUNT(*), itakupa 1 kwa mtu ambaye hana oda hata moja kwa sababu mstari wake upo, we hesabu safu ya namba ya oda, COUNT ikikuta NULL inairuka yenyewe. Wakikuongezea jedwali la malipo ndo kabisa, oda iliyolipwa kwa awamu tatu inajirudia mara tatu, mauzo yanavimba na we unashangilia ukuaji. Kila ukiunganisha, rudi uhesabu mistari. Wapo watu wazuri wanaangukia hapo, SQL imenyooka lakini namba za uongo.

Grafu tatu zinatosha, na kichwa cha kila moja kiwe jibu lenyewe, mfano "Mauzo yameshuka tangu Machi", siyo "Mauzo kwa Mwezi".

Kutumiwa bure: mara nyingi hapana, data huwa ya kubuni au ya zamani na waombaji wote wanapewa swali hilohilo. Ila ukiona data ni ya kweli ya mwezi huu, swali ni tatizo walilonalo sasa hivi, wanataka mpango mzima wa utekelezaji na bado hujaongea na mtu hata mmoja wa timu, hapo shtuka. Uliza kwa adabu itachukua saa ngapi, nani ataipitia na hatua inayofuata ni ipi. Ikizidi siku nzima una haki ya kuomba malipo, wapo wanaolipa, au uwaombe wapitie kazi yako ya zamani badala yake. Wakinuna, sawa, wanune.

Na usidhani ukishatuma umemaliza, mara nyingi wanakuita kwenye intavyuu uitetee. Kama umetumia wastani wa thamani ya oda wataulizia kwa nini siyo mediani, yaani thamani ya katikati ukizipanga oda kwa ukubwa, maana oda moja kubwa mno inavuta wastani juu peke yake, kwa hiyo njoo na zote mbili. Kabla hujatuma hiyo ya wiki hii, inakili kwenye folda tupu uiendeshe toka mwanzo mpaka mwisho, ikigoma kwako na kwao itagoma.