Kabla hujafungua seva, andika MAC

Nyinyi mnaoanza kazi ya mitandao, kitakachowaumiza kichwa mapema huenda kisiwe kebo wala swichi. Ni jina la kadi ya mtandao.

Zamani kerneli (kiini) ya Linux ilizipa kadi majina kadiri ilivyozigundua mashine ikiwaka: ya kwanza eth0, ya pili eth1, kama magari kwenye foleni ya feri ya Likoni. Mashine ya kadi moja haikuwa na neno. Ya kadi mbili, moja ya intaneti na moja ya ofisi, ungeweza kuizima na kuiwasha ukakuta zimebadilishana majina, na fayawoli inalinda upande usio wake.

Ndipo mwaka 2013 systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, katika toleo la 197 ikaleta majina yanayofuata mahali kadi ilipo. eno1 iko kwenye madhabodi yenyewe. enp3s0 iko basi (njia ya data) la 3 la PCI, sloti 0. Wi-Fi huanza na wl. (Windows haijishughulishi na haya, itakuandikia Ethernet 2, basi. FreeBSD hutaja draiva: em0, re0.)

Majina haya husifiwa kuwa hayabadiliki. Hayabadiliki mradi hakuna aliyegusa vya ndani. Kompyuta zetu hapa mjini nyingi ni za mtumba, ex-UK, na kila siku kuna fundi anayeziongezea kitu. Chomeka kadi mpya ya PCI au diski ya NVMe, namba za basi zaweza kusogea: enp3s0 ikawa enp4s0. Seva itawaka vizuri kabisa, ila haina mtandao. Nawe uko Changamwe, seva iko Nyali, SSH, njia ya kuingia ukiwa mbali, haiingii. Panda tuktuk.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, endesha ip -br link, unakili MAC za kadi zote, yaani anwani ambayo kila kadi hutoka nayo kiwandani. Kisha andika faili /etc/systemd/network/10-ofisi.link: chini ya [Match] weka MACAddress, chini ya [Link] weka Name=ofisi0. Usichague eth0, utagombana na kerneli, na jina lisizidi herufi 15. Kwenye Ubuntu malizia na update-initramfs -u, ili faili la kuwashia mashine lilijue jina jipya, halafu rekebisha netplan (mipangilio ya mtandao) ilisome.

Wapo watakaokuambia uweke net.ifnames=0 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli uyarudishe majina ya kale. Kwa kadi moja, sawa. Kwa mbili, mimi sikubali.

Usipojua tundu lipi ni lipi, ethtool -p enp3s0 itaimulikisha taa ya kadi hiyo, kama draiva yake inaruhusu. Bandika lebo papo hapo, na iwe ya plastiki. Ya karatasi kwa unyevu huu wa pwani haimalizi masika.