Programu za laptopu ya mtumba yenye RAM GB 4, bila kununua Office

Mkuu, umesema laptopu ina Windows 10 na kazi zako ni barua, CV na asaimenti za chuo. Kabla ya kupakua chochote, jiulize faili zako zitafunguliwa wapi zikitoka kwako. Kwa wengi ni steshenari, au kwa mhadhiri mwenye Word.

Kwa hiyo weka LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word. Usiichanganye na OpenOffice: hiyo inafungua docx (aina ya faili za Word) ila haiwezi kuhifadhi kwa docx. Ukishaiweka, ingia Tools, Options, Load/Save, General, kisha kwenye "Always save as" chagua Word ya docx. Ukiruka hatua hiyo kazi zako zitahifadhiwa kwa odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, na ubishi na kijana wa steshenari utaanzia hapo.

Halafu fonti. LibreOffice huanza na Liberation Serif, ambayo kompyuta nyingi zenye Word hazina. Word ikiikosa huweka nyingine, mistari inasogea, na CV ya ukurasa mmoja inamwaga mistari miwili ukurasa wa pili. Andika kwa Times New Roman au Calibri, maana hizo zinakuja na Windows yenyewe. Kama ni ya kuchapa tu, toa PDF (File, Export As). PDF hubeba fonti zake, hakuna kinachohama.

Steshenari ndiko flashi zinakookota virusi pia. Defender iliyomo kwenye Windows inatosha. Antivairasi nyingine juu yake ni kuitesa RAM. Ukikuta flashi imejaa shortcut badala ya faili zako, usibofye hata moja. Mara nyingi faili zipo, zimefichwa tu. Iskani kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Zikionekana, hamisha unazozijua, ufute shortcut.

Office ya kukraki achana nayo. Maelekezo yake karibu yote yanaanza na "zima antivairasi", sasa wewe mwenyewe pima.

Zilizobaki ni nyepesi: VLC kwa video, SumatraPDF kwa kusomea, 7-Zip inayofungua hata rar. Kivinjari, Firefox na uBlock Origin. Matangazo yakizuiwa na bando linapona.

Lipo la Windows 10 yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel nyingi za kabla ya kizazi cha 8. Yako ikiwa ya zamani, jaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure mwepesi unaochukua nafasi ya Windows; unauwasha kutoka flashi ya GB 8 bila kugusa diski. LibreOffice na Firefox zimo tayari. Na kama laptopu bado ina HDD (diski ya zamani inayozunguka), hela ya kwanza utakayopata nunua SSD (diski ya kisasa yenye kasi), hata ya GB 128. Hakuna programu itakayokupa kasi hiyo.