Mishale inaisha, adui bado amesimama

SWALI: Nacheza Rome: Total War, ile ya 2004. Napanga vikosi vinne vya wapiga mishale na viwili vya warusha mikuki nyuma ya askari wangu wa miguu. Mishale inaisha adui hajapungua, halafu wapanda farasi wake wananifagia. Nakosea wapi?

JIBU: Idadi inatosha, ndugu yangu. Tatizo ni upande unaorushia. Simamisha pigano, shusha kamera hadi usawa wa askari wa adui, umtazame: ngao iko mkono wa kushoto. Katika mchezo huu ngao inamkinga mbele na kushoto tu. Kulia na mgongoni yuko wazi. Wewe unamrushia usoni, kwenye mbao.

Hesabu hiyo imetoka kwenye vita vyenyewe. Karibu mwaka 390 KK, jirani na Korintho, Iphicrates wa Athene alikikuta kikosi cha Wasparta kama 600 kikipita njiani bila wapanda farasi wa kukilinda. Watu wake wa mikuki mifupi walirusha wakilenga ubavu usio na ngao. Wasparta wakiwafukuza, wanakimbia. Wakigeuka kurudi, wanapigwa tena. Waliokufa walifika kama 250.

Basi fanya hivi. Warusha mikuki waanze mbele, warushe mara moja au mbili, kisha uwarudishe na kuzima ruhusa ya kurusha wenyewe, maana mikuki yao ni michache mno kuichezea. Safu mbili zikishashikana, wazungushe upande wako wa kushoto: huko ndiko kuume kwa adui. Wakifika nyuma yake, fungulia. Usiwaache warushe wakiwa nyuma ya safu yako, watawachoma wenzao migongoni.

Wapiga mishale wanaweza kubaki nyuma, ila usiwagawie shabaha nne. Vikosi vyote vinne vikilenga kikosi kimoja chenye silaha hafifu, kitavunjika mapema, na woga wake utaambukiza majirani.

Kingine kinachowaponza wengi ni ile amri ya kukwepa, ambayo huwa imewashwa tangu mwanzo. Kwa walio nyuma ya safu, izime, la sivyo watarudi nyuma kila adui akisogea, na anayekimbia harushi. Walioko ubavuni waachie, lakini wapanda farasi wa adui watawafikia tu, kwa hiyo kila ubavu uwe na kikosi kimoja cha mikuki mirefu, hatua chache nyuma yao.