Kofia ya pembe tatu ya ngozi: jibu refu kwa aliyeuliza kama aichemshe

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Ununue ngozi gani, uichemshe au usiichemshe ili ikakamae kama alivyoshauri mchangiaji wa hapo juu, na ufanyeje hizo pembe tatu zisimame zisije zikamlalia nahodha wako usoni katikati ya onyesho. Mimi ni fundi wa ngozi. Kazi yangu ya kila siku ni makubazi, mikanda na mikoba, ila vikundi vya maigizo vimeniingiza kwenye kofia za namna hii, kwa hiyo ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya mezani kwangu.

Naanza na la pili, maana hilo ndilo litakalokula pesa yako. Usichemshe. Ngozi iliyosindikwa kwa magome huanza kujikunja na kusinyaa maji yakifika nyuzi joto 70 hivi na kuendelea. Mafundi wa Ulaya wa zama za kati waliitumia tabia hiyo kwa makusudi kutengenezea deraya na ala za visu, maana ngozi ikishashikwa na moto hugeuka ngumu kama ubao. Lakini pia hupungua ukubwa, haipungui sawasawa pande zote, na ikishakauka ukiilazimisha kukunjika inapasuka. Sasa wewe unataka kofia ambayo ukingo wake wote unakunjwa mara tatu. Maji yanayokutosha ni ya uvuguvugu, yale unayoweza kuzamisha mkono na kuuacha humo bila wasiwasi.

Maji ya kuchemka yana kazi moja tu hapa, nayo ni kukuonyesha ngozi uliyouziwa ni ipi. Omba kipande chembamba, upana wa kidole, ukakitumbukize kwenye sufuria inayochemka. Kikijikunja na kuwa kifupi papo hapo, hiyo ni ngozi ya magome, ichukue. Kikikaa vilevile, hiyo ni ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa kemikali badala ya magome, ile inayotumika sana kwenye mabegi na viatu vya kiwandani. Ni nzuri kwa kazi zake, laini na haiogopi maji, lakini haishiki umbo: utaikunja ikiwa imelowa, utaibana na vibanio usiku kucha, asubuhi ukivitoa inarudi ilikotoka. Kama muuzaji hataki kukukatia kipande, tazama pale ilipokatwa. Ya kromu mara nyingi katikati ina rangi ya kibuluu au kijivu, ya magome ni kahawia mpaka ndani. Magome yenyewe kwa hapa kwetu ni ya miwati, hiyo miti unayoiona Njombe kwenye mashamba makubwa, ambako tanini yake, yaani ile dawa ya kusindikia ngozi iliyomo kwenye magome, inakamuliwa tangu enzi za mkoloni.

Unene: ukingo milimita 2.5 mpaka 3, sehemu ya kichwa milimita 2. Na usikate popote tu kwenye ngozi. Ukingo utoke mgongoni, palipokaza. Sehemu ya kichwa itoke begani, panapokubali kuvutwa. Tumboni achana napo, panavutika ovyo na ukingo utaanza kupepea baada ya wiki chache.

Kuna aliyeuliza kama kofia hizi, enzi zilipovaliwa, zilikuwa za ngozi kweli. Hapana, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kubishana na mwalimu wa historia. Kofia ya pembe tatu ya karne ya 18 ilikuwa ya felti, yaani manyoya yaliyoshindiliwa mpaka yakashikana kama kitambaa: ya manyoya ya kondoo kwa mtu wa kawaida, na ya manyoya ya biva kwa mwenye nacho. Biva ni yule mnyama wa mitoni Amerika ya Kaskazini ambaye biashara ya ngozi zake ndiyo iliyoanzisha Hudson's Bay Company mwaka 1670. Manyoya yake yana vijimiba vidogo vinavyoshikana, ndiyo maana felti yake ilikuwa nyepesi na haipitishi mvua. Mafundi waliyalainisha manyoya kwa dawa yenye zebaki, na wengi waliishia kutetemeka mikono na kuchanganyikiwa kwa sumu ile. Asili ya umbo lenyewe ni pama ya kawaida yenye ukingo mpana, iliyovaliwa na askari karne ya 17. Ukingo ulikunjwa juu ili maji ya mvua yachuruzike kupitia pembeni badala ya kumwagika shingoni, na ili gobore likae begani bila kuigonga kofia. Askari wengine waliivaa pembe ya mbele ikiwa imesogea juu ya nyusi ya kushoto kwa sababu hiyohiyo ya gobore. Mwambie muigizaji wako aijaribu hivyo, inampa mtu sura ya kijeshi kuliko pembe iliyonyooka katikati ya pua.

Na nisiwanyime kisa cha Madrid, maana ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwenye habari za kofia. Machi 1766 waziri wa mfalme Carlos III wa Hispania, Esquilache, mtu wa Italia, alipiga marufuku makoti marefu na kofia pana za kushuka, akitaka watu wavae makoti mafupi na kofia ya pembe tatu, kwa hoja kwamba wahalifu walikuwa wakificha nyuso na silaha. Mkate nao ulikuwa umepanda bei. Mji ukalipuka, mfalme akakimbilia Aranjuez, na Esquilache akapoteza cheo chake. Hispania hiyohiyo leo, Guardia Civil, jeshi la polisi lililoundwa 1844, bado wana kofia yao ya sherehe ya asili hiyo, nyeusi ya kung'aa. Hao maharamia wa sinema ni habari nyingine. Baharia wa kawaida alivaa kofia ya kufumwa au kitambaa. Nahodha angeweza kuwa na ya pembe tatu, ila ya ngozi nzito yenye mafuvu kila kona ni mapambo ya siku hizi. Hakuna ubaya, jukwaani ngozi inaonekana vizuri na inavumilia kutupwatupwa nyuma ya pazia. Kama unahitaji kofia kumi za mabaharia, hizo zishone kwa blanketi zito lililopakwa gundi. Ngozi ibaki ya nahodha.

Twende mezani. Pima kichwa juu kidogo ya masikio. Tuseme umepata sentimita 58. Ongeza sentimita moja na nusu ya bitana na mkanda wa jasho. Kichwa cha mtu si duara, ni yai: kwa sentimita 58 ni kama 20 kutoka mbele kwenda nyuma na 17 kutoka upande hadi upande. Anayekata tundu la mviringo kamili anapata kofia inayobana kipaji na kuacha uwazi juu ya masikio.

Sehemu ya kichwa mimi siiungi kwa vipande. Naivuta yote kwa pamoja juu ya faruma. Wa pwani mnaijua, ile ya kukaushia kofia za mkono zikishafuliwa na kutiwa wanga. Faruma ya kofia ya kiua ina juu bapa, na kofia za karne ya 18 zilikuwa na kichwa kifupi cha mviringo, kwa hiyo mwombe seremala akuchongee yenye mgongo wa duara, kimo cha sentimita 10 au 11, kwa vipimo vya lile yai. Kata duara la ngozi la sentimita 40 hivi. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka viputo viache kutoka, litoe, liache lipumzike kwenye mfuko wa nailoni ili unyevu uenee. Kisha liweke juu ya faruma na uvute kwenda chini kwa mikono miwili, ukizunguka, usikae sehemu moja. Likishafika chini, funga kamba imara kuzunguka shina la faruma na ukunje ziada kwenda nje juu ya ubao.

Hapo yatatokea makunyanzi, usiogope. Vuta kidogo, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, ngoja, rudia. Ngozi ya magome inakupa muda mrefu sana kabla haijakauka, na makunyanzi mengi yanaisha kwa kusuguliwa wakati unyevu unapungua, si wakati imelowa chepechepe. Ukihitaji kuishikilia ubaoni, tumia misumari ya shaba. Msumari wa chuma ukigusa ngozi ya aina hii ikiwa imelowa unaacha doa jeusi ambalo hulitoi. Ikaushie kivulini. Juani itapinda na kukakamaa upande mmoja.

Ikikauka, punguza ile ziada ya nje ibaki sentimita moja na nusu kuzunguka. Hiyo ndiyo utakayoshonea ukingo.

Ukingo: kutoka tunduni kwenda nje sentimita 12 au 13. Kwa kichwa chetu cha 58 hilo ni bamba la kama sentimita 45 kwa 45, kwa hiyo nunua ngozi ukijua hilo. Ukitaka kuokoa ngozi shuka mpaka 10, chini ya hapo pembe hazionekani kutoka viti vya nyuma.

Sasa soma hapa mara mbili. Kwenye pama ya kawaida uso mzuri wa ngozi unatazama juu. Kwenye kofia ya pembe tatu ukingo unasimama, kwa hiyo kinachoonekana na watu ni upande wa chini. Uso mzuri utazame chini wakati unashona. Ile ziada ya sehemu ya kichwa ilale juu ya ukingo, ndani, ambako itafichwa ukingo ukishapandishwa. Nakshi yoyote, mshono wa mapambo, utepe, vyote vinakwenda upande huo wa chini. Nimeletewa kofia za kurekebisha zilizoshonwa kinyume, na hakuna marekebisho pale zaidi ya kufumua zote.

Kushona ni kwa msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, na sindano mbili, uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Toboa matundu kila milimita 4, milimita 8 kutoka ukingoni mwa tundu la kichwa, msharasi ukiwa wima. Mzunguko huo utakuwa kama sentimita 64 na nusu, kata uzi mita mbili na nusu. Sindano zote mbili zipite kila tundu, moja kutoka kila upande. Hata uzi wa upande mmoja ukikatika, wa upande wa pili unaendelea kushika.

Halafu ndiyo unakuja kwenye pembe. Weka alama tatu: moja katikati ya kipaji, mbili nyuma ya masikio. Lowesha ukingo peke yake kwa sponji, pande zote mbili, sehemu ya kichwa ibaki kavu. Pandisha ubavu mmoja baada ya mwingine, na usiukunje kwa ncha kali pale unapoanzia. Uache upinde wenye tumbo kidogo, ngozi ya milimita 3 haitaki kona. Bana kwa vibanio vya nguo, ukiweka vipande vya ngozi katikati ili visiache alama. Baada ya hapo usiiguse mpaka ikauke kabisa, na kwa unyevu wa pwani hiyo ni siku mbili au zaidi.

Unyevu wa maji peke yake hautoshi kuisimamisha miezi yote. Wenzetu wa zamani walipaka felti gundi kwa ndani na kuufunga ukingo kwenye kichwa cha kofia kwa vitanzi vya uzi. Fanya vyote viwili. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ipake kwa brashi kwenye upande uliojificha. Kisha kila ubavu ushikwe na kitanzi kimoja kinachopita ukingoni na kuingia kwenye sehemu ya kichwa. Hapo ndipo jibu la swali lako la tatu lilipo, zaidi ya unene wa ngozi.

Rangi nyeusi usinunue. Chukua stiliwaya ya kusugulia sufuria, ioshe mafuta kwa sabuni, itumbukize kwenye siki nyeupe, uache wiki moja au mbili bila kukaza kifuniko maana inatoa hewa. Chuja. Ukipaka kwenye ngozi ya magome inageuka nyeusi mbele ya macho yako, kwa sababu chuma kinakutana na tanini. Ni ile habari ya msumari na doa, safari hii kwa faida yako. Ikitoka ya kijivu, ipake kwanza chai ya rangi iliyokolea, iache inywe, kisha rudia. Malizia kwa kufuta na maji yenye bekingi soda kidogo ili siki isiendelee kuila ngozi, iache ikauke, upake mafuta ya kwato za ng'ombe kwa kitambaa, kidogo sana. Mafuta mengi yanalegeza zile pembe ulizozihangaikia. Rangi ipakwe kabla ya gundi, vinginevyo gundi itazuia.

Mapambo ni utepe wa dhahabu ukingoni, kifungo, na shada la utepe ubavuni kushoto. Ukitaka usahihi, shada jeusi ni la Waingereza, jeupe la Wafaransa wa mfalme, jekundu la Wahispania. Lile la rangi tatu ni la kuanzia 1789, usimvalishe haramia wa 1718.

Bitana iwe ya pamba, na mkanda wa jasho wa ngozi nyembamba ya mbuzi. Kofia yote itakuwa na uzito wa gramu 400 na kitu, chini ya taa za jukwaa mtu atatoka jasho kweli, kwa hiyo baada ya kila onyesho iachwe wazi ikauke. Ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki itaota ukungu.

Umesema nahodha wako atavaa wigi. Basi vipimo vichukuliwe akiwa amelivaa. Niwekee hapa mzunguko, urefu wa mbele kwenda nyuma na upana, nitakuchorea patani ya tundu na ya ukingo uipeleke kwa seremala na kwa muuza ngozi.