Kujua kama mtoto anasoma kweli, bila kumkalisha mtihani

Mtoto wa mwaka wa pili akikufungulia kitabu chake cha shule na kukusomea ukurasa mzima bila kusita, usipige makofi haraka. Funika picha kwa kiganja, kisha mwambie aanze na mstari wa chini kabisa. Wengi hunyamaza hapohapo. Ukurasa ule wameuimba darasani pamoja na wenzao mpaka ukawakaa kichwani, na macho yao hayakuwa na kazi kubwa.

Tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure hapa Kongo (DRC) mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu hana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto peke yake. Kazi hiyo inabaki kwetu nyumbani. Mimi watoto wa lupango wetu, yaani uwanja tunaoishi pamoja, hapa Katuba, Lubumbashi, huwasikiliza jioni, nikiwa nachambua matembele. Kazi ya mikono inasaidia sana: mtu mzima anayekukodolea macho huku ameshika kalamu ya bic anatisha, hata akitabasamu.

Vifaa vyangu ni vipande vya boksi na jina la timu ya mpira. Hapa Lubumbashi mtoto hata asiyejua herufi moja atakuonyesha neno MAZEMBE kwenye jezi nyeusi na nyeupe, kwa sababu anaitambua jezi yenyewe. Basi liandike kwa mkono, kwa herufi ndogo, kwenye kipande cha boksi. Akilijua hata hapo, kata silabi zake, ma, ze na mbe, umpangie upya: zema, mbeze, zembema. Anayesoma atatamka taratibu, halafu atacheka. Anayekumbuka tu atakujibu “Mazembe” kila mara, kwa sauti kubwa. Sijaona njia bora kuliko hii, maana maneno yasiyokuwepo hakuna aliyewahi kuyakariri. Hata EGRA, kipimo cha kusoma kwa madarasa ya chini kinachotumika katika nchi nyingi, kina sehemu ya maneno ya kubuni. Sisi tunayafanya majina ya mbuzi. Kuna mbuzi anaitwa Zofu ambaye watoto wananiuliza habari zake mpaka leo.

EGRA hutumia saa: mtoto anasoma kwa sekunde 60, kisha yanahesabiwa maneno sahihi. Wanaolinganisha maelfu ya watoto wanahitaji hivyo. Nyumbani saa ifiche. Sikiliza mwendo tu: je, anasoma “ku-ku a-na-ku-ja” akikatakata, au sentensi inatoka kama mtu anayeongea? Kuna kanuni moja ya kipimo hicho ambayo ningependa kila mzazi aichukue: mtoto akishindwa mstari wote wa kwanza, sehemu hiyo inasimamishwa. Hakuna faida kumburuta mtoto hadi mwisho wa karatasi asiyoiweza.

Ngazi za kusoma mimi nazichukua kwa Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 kupima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, kwa kufuata mfano wa ASER, upimaji kama huo wa India. Ngazi zake ni silabi, maneno, aya, halafu hadithi. Mahali pa kuanzia nafuata ile ASER, ambayo huanza katikati, kwenye aya. Akiiweza, mpandishe kwenye hadithi. Akikwama, mshushe kwenye maneno, na akiyakosa, mshushe tena. Mnamalizia pale anapoweza, na mtoto anaondoka akiwa amesoma kitu.

Aya itunge mwenyewe, kwa vitu anavyovijua. Ya kwangu moja ni hii: “Mama anapika sombe. Kuku anakuja. Anakula sombe. Mama anamfukuza.” (Sombe ni kisamvu, majani ya muhogo.) Akimaliza, muulize nani alikula sombe, halafu muulize kwa nini mama alikasirika. Jibu la pili halikuandikwa popote, na hapo ndipo utamjua aliyeelewa. Wapo wanaosoma vizuri kabisa, ukiwauliza habari za kuku wanakutazama tu.

Sasa, jambo linalowaonea watoto wetu zaidi ya yote: makosa yasiyo makosa. Kitabu kimeandika “mtoto”, mtoto wa Katuba anasoma “mutoto”. Kimeandika “watu”, yeye anasema “bantu”. Nimeona watu wazima wakimkatiza papo hapo. Mwache aendelee! Aliyegeuza “watu” kuwa “bantu” amesoma, ameelewa, na amelisema kama anavyolisema kwao. Angekuwa anabahatisha herufi asingefika huko. Kiswahili cha vitabu atajifunza polepole, lakini usikihesabu katika kusoma.

Kifaransa nacho kina mambo yake. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa atakutana na “kuku” akaitamka u kwa midomo iliyochongoka, na “pete” ataimeza e ya mwisho. Herufi anazijua, ila anazisoma kwa kanuni za lugha nyingine. Kabla ya kuamua kwamba hajui, uliza alianza kusoma kwa lugha gani, na mpe maneno machache ya lugha hiyo.

Usimpime mbele ya wenzake, hasa mbele ya mdogo wake anayesoma vizuri kuliko yeye. Pipi za zawadi sizipendi pia. Ikishatokea pipi, mchezo umegeuka mtihani, na asiyeipata ameshajua amefeli.

Mtoto akishaenda kucheza, andika kwenye kaye (daftari) tarehe, ngazi aliyofika na silabi zilizomsumbua. Kwa wengi ni zile zenye herufi kadhaa pamoja, kama mbwa, nge au nyu. Bila alama kati ya kumi, kwani bulteni ya shule, ile ripoti ya alama, inatosha. Mara moja kwa mwezi si haba. Ukienda kuonana na mwalimu, mpelekee jambo moja mahususi: “Anasoma silabi zote za herufi mbili, anakwama kwenye nge na nyu.” Hilo anaweza kulifanyia kazi hata akiwa na darasa lililojaa.

Na akiwa anasogeza karatasi mpaka puani, au anasoma vizuri vipande vya boksi vilivyo karibu lakini herufi za tablo, yaani ubao, zinampotea, weka vipande pembeni umpeleke kwanza akapimwe macho.