Maswali ya Wasomaji: Mdahalo wa Wagombea Urais Hubadilisha Nini?

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na barua tunazopokea zimeanza kuelekea huko. Safari hii tumechagua zile zinazohusu midahalo ya wagombea urais katika televisheni. Wanaouliza si watu wanaotaka kujua nani alimshinda nani kwa maneno. Wengi wanataka kujua kama saa walizokaa mbele ya runinga ziliwasaidia kupiga kura vizuri zaidi.

Ndugu Mhariri, mwaka 2013 tulitazama mdahalo wa kwanza wa wagombea urais nyumbani kwangu pamoja na majirani, na usiku ule karibu kila mtu alimsifu Mwalimu Mohamed Abduba Dida. Siku ya kura, kwa kadiri ninavyojua, hakuna hata mmoja wetu aliyempigia. Je, tulikuwa wanafiki? — Mwalimu mstaafu, Kitui

Hapana, Mwalimu, sidhani kwamba mlikuwa wanafiki. Mliulizwa maswali mawili tofauti, kila moja kwa wakati wake, mkayajibu kama yalivyokuja. Usiku wa tarehe 11 Februari 2013, wagombea wanane walipokutana katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi mbele ya waongozaji Linus Kaikai na Julie Gichuru, swali lililokuwa sebuleni kwako lilikuwa ni nani anazungumza kama mtu anayetujua. Dida, ambaye alikuwa mwalimu na hakuwa na chama kikubwa nyuma yake, alisema mambo kwa lugha nyepesi, na watu waliochoshwa na majibu ya kukwepa wakampenda papo hapo. Tarehe 4 Machi, ndani ya chumba cha kura, swali lilikuwa jingine kabisa: kati ya hawa, ni nani anayeweza kushinda, na ni nani nisiyetaka ashinde?

Swali hili la pili lina nguvu kubwa kwetu, na sheria yenyewe inalipa uzito. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mpiga kura anayejua hivyo hutazama upande wenye uwezekano wa kufika huko, naye huona kura aliyompa mgombea mdogo kama kura aliyoitupa, hata kama moyo wake uko kwa yule mdogo. Ongeza hapo miungano ya vyama iliyokwisha kufungwa kabla ya mdahalo, mawakala vituoni, na hofu iliyobaki baada ya ghasia za 2007 na 2008. Mdahalo uliofanyika wiki tatu kabla ya kura haungeweza kuyafuta hayo yote.

Hata hivyo, naomba uyatazame matokeo kwa makini zaidi, kwa sababu yanasema jambo ambalo watu husahau wanapomcheka Dida kwa kupata chini ya nusu asilimia. Dida alipata kura 52,848. Martha Karua, aliyekuwa waziri na mbunge wa Gichugu kwa miaka mingi, alipata 43,881, na Profesa James ole Kiyiapi, aliyewahi kuwa katibu wa wizara, alipata pungufu ya hapo. Paul Muite, wakili na mbunge wa zamani anayejulikana nchi nzima, alikuwa nyuma yao wote. Mwalimu ambaye wiki chache kabla wengi hawakuwahi kulisikia jina lake aliwapita watu watatu wenye majina makubwa. Naamini jukwaa lile ndilo lililomfikisha hapo. Lilichoshindwa kufanya ni kumvusha ukuta uliozitenga kambi mbili kuu za Uhuru Kenyatta na Raila Odinga.

Kambi hizo zilisikiliza mdahalo uleule kwa masikio mawili. Odinga aliposema kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague, akirejelea kesi iliyomkabili Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wafuasi wake waliona hoja imemalizika. Wafuasi wa Kenyatta walisikia mtu wao akidhihakiwa, wakamkumbatia zaidi. Ndiyo maana ukiuliza baada ya mdahalo nani ameshinda, mara nyingi unachojibiwa ni jina la yule ambaye mtu alikuwa ameshamchagua kabla hajawasha runinga.

Bwana Mhariri, mwaka 2022 nilifunga duka mapema ili niwatazame wagombea wawili wakuu wakipambana kwa hoja, nikamkuta mmoja peke yake. Nilikasirika sana. Je, mpiga kura afanye nini na mgombea asiyekuja? — Mama mfanyabiashara, Voi

Mama, hasira yako ni halali, na ningependa iwe kubwa zaidi na isiegemee upande wowote, kwa maana kambi zote kuu zimetufanyia hivyo kwa zamu. Tarehe 24 Julai 2017, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Odinga alikuja na Rais Kenyatta hakuja. Wiki moja kabla, katika mdahalo wa wagombea wenza, alikuja mmoja tu kati ya wote, Eliud Muthiora Kariara, mgombea mwenza wa mgombea huru, akajibu maswali peke yake. Tarehe 26 Julai 2022, katika chuo kilekile, William Ruto alikuja na Odinga hakuja. Kambi ya Odinga ilisema hawezi kushiriki jukwaa na mpinzani ambaye, kwa maoni yao, hakujali maadili, na jioni hiyo yeye akakutana na wananchi Jericho, Nairobi.

Sababu hutofautiana, lakini hesabu ya ndani ni moja. Anayeamini kwamba yuko mbele huona kuwa mdahalo hauna la kumwongezea na una mengi ya kumpotezea. Aliyeko madarakani, au anayeungwa mkono na walioko madarakani, huwaza hivyo mapema kuliko wengine, kwa kuwa ndiye mwenye rekodi ya kuulizwa. Hakuna sheria nchini Kenya inayomlazimisha mgombea kufika; kinachoweza kumlazimisha ni hofu ya kupoteza kura, na hofu hiyo bado hatujaijenga.

Utaniuliza kama kukosekana kuliwahi kumgharimu mtu. Mwaka 2017 Kenyatta, ambaye hakufika, alitangazwa mshindi kwa asilimia 54.27, na Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi ule tarehe 1 Septemba ilifanya hivyo kwa kasoro katika uendeshaji na usafirishaji wa matokeo, jambo lisilohusiana na mdahalo. Mwaka 2022 Odinga, ambaye hakufika, alishindwa kwa kura 233,211 katika nchi ambamo watu zaidi ya milioni 14 walipiga kura. Wapo wanaosema kwamba pengo dogo namna hiyo lingeweza kuzibwa kwa usiku mmoja wa majibu mazuri. Mimi siwezi kukuambia hivyo kwa uhakika, wala anayekuambia hana njia ya kulithibitisha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mgombea asiyekuja amekunyima nafasi ya kumwona akiulizwa asichokipanga, na hilo peke yake latosha kumuuliza wakala wake anapokuja dukani kwako kuomba kura. Muulize mbele ya wateja. Usikubali jibu kwamba mgombea ana mikutano mingi. Mkutano wa hadhara hauna mtu wa kumkatiza.

Kwa Mhariri, sisi huku tunasikiliza midahalo kwa redio, na mara nyingi tunangoja jirani aliyesoma atueleze kilichosemwa kwa sababu lugha ni Kiingereza. Je, ni haki? — Msikilizaji, Kwale

Si haki, na nashangaa kwamba jambo hili halijawahi kuwa malalamiko makubwa ya wapiga kura. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha kinakitaja tena, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Wagombea haohao, wakiwa juu ya magari Kibera, Mombasa au Nakuru, huomba kura kwa Kiswahili bila taabu yoyote. Wanapofika kwenye jukwaa ambako wataulizwa kuhusu deni la taifa, ardhi na kodi, mazungumzo kwa sehemu kubwa huhamia Kiingereza. Maana yake ni kwamba ahadi tunapewa kwa lugha tunayoielewa, na maelezo ya ahadi hizo yanatolewa kwa lugha ambayo wengi wetu tunaifuata kwa shida.

Matokeo yake ni makubwa kuliko usumbufu wa usiku mmoja. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaya zenye televisheni zilikuwa takribani asilimia 41, huku zenye redio zikiwa takribani asilimia 57. Kwa hiyo wengi humpokea mgombea kupitia mtu wa tatu: mtangazaji anayefupisha kwa lugha ya mama asubuhi, kijana mwenye simu, au msemaji wa chama anayepita kijijini kesho yake. Kila mmoja hupunguza na kuongeza. Katika mdahalo wa pili wa 2013, Kenyatta alipoulizwa kuhusu ardhi ya familia yake, alikiri kwamba inamiliki takribani ekari 30,000 Taveta. Kwa mtu wa Taita Taveta au wa Kwale, ambako suala la maskwota na hati za ardhi limewaumiza watu tangu ukoloni, jibu kama hilo lilistahili kusikika kutoka kinywani mwa mwenyewe, pamoja na sauti yake na kusita kwake, wala si kwa muhtasari.

Waandaaji wakisema kwamba wanadiplomasia na wawekezaji nao husikiliza, wajibiwe kwamba hao wana wafasiri wa kulipwa. Mdahalo mmoja kamili kwa Kiswahili, wa wagombea urais, ndio dai ambalo ningependa wasomaji wa gazeti hili walipeleke kwa vyombo vya habari sasa, ukiwa bado mapema.

Nani huamua mgombea yupi apande jukwaani? — Msomaji, Kisii

Ni waandaaji, yaani vyombo vya habari, si Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Mwaka 2013 walikusudia kualika baadhi tu. Muite akaenda mahakamani, na hatimaye yeye na Dida wakaongezwa. Mwaka 2022 waligawa wagombea makundi mawili kwa kutumia kura za maoni, na waliokuwa chini ya asilimia 5 wakapewa kipindi chao. George Wajackoyah alikataa mpango huo akitaka wote wanne wakae pamoja, akaondoka, na David Mwaure Waihiga akabaki peke yake. Matokeo yalipotoka, Wajackoyah alikuwa na kura 61,969 na Waihiga 31,987. Kwa hiyo anayedhani jukwaa tupu ni zawadi kwa anayebaki na alipime jambo hilo upya.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nikisoma majibu yako ya nyuma, naona kama unasema mdahalo haubadilishi kura. Basi kuna faida gani? — Mwanafunzi, Eldoret

Ndugu yangu, nimesema hayo kuhusu urais tu, na tena kuhusu urais wa nchi ambamo kambi huwa zimeshapangwa. Faida iko, nami naiona kubwa zaidi mahali ambapo hatujaitafuta kwa bidii.

Katika uchaguzi wa bunge wa Sierra Leone mwaka 2012, watafiti walifuatilia midahalo ya wagombea ubunge iliyorekodiwa na kuonyeshwa usiku vijijini kwa sinema za kuzunguka, katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu ili waweze kuyalinganisha na maeneo ambayo hayakuonyeshwa kitu. Midahalo ilikuwa kwa Kikrio, lugha inayoeleweka na watu wengi huko. Waliotazama waliwajua wagombea na sera zao vizuri zaidi, na mgombea aliyefanya vizuri kwenye mdahalo aliongezewa kura. Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata: wabunge walioshiriki midahalo waliwatembelea wapiga kura wao zaidi baada ya kuchaguliwa, na fedha zaidi za maendeleo ya jimbo zilionekana zikifanya kazi iliyokusudiwa. Waliyoyasema mbele ya watu yaliwafuata hadi bungeni.

Sababu ya tofauti hiyo haifichiki. Mgombea urais tunamjua kwa miaka 20 kabla hatujamwona kwenye mdahalo. Mgombea ubunge au udiwani huenda tukamjua kwa rangi ya mabango yake tu, na hapo saa 2 za maswali huongeza mengi. Ninyi wanafunzi mna ukumbi, mna simu za kurekodi, na mna wenzenu wanaotoka katika kila wadi. Waandikieni barua wagombea wote wa eneo bunge lenu, mtangaze tarehe miezi kadhaa kabla ili asiwepo wa kudai hakujulishwa, mwalikeni mwongozaji asiye na kadi ya chama, na mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Waulizeni kuhusu basari, barabara, na hazina ya maendeleo ya eneo bunge, kwa tarakimu. Kisha ihifadhini rekodi mahali ambapo kila mwenye simu ataipata, si kwa ajili ya Agosti 2027 peke yake, bali kwa ajili ya miaka mitano itakayofuata, mbunge huyo atakapokuja kuwaeleza kwa nini basari haijafika.