Kabla hujachomeka kebo ya staki, chukua karatasi

Juzi kijana wa Kakamega aliniandikia: amekabidhiwa swichi tatu, vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, aziunganishe ziwe staki moja, yaani zifanye kazi kama swichi moja, aanzie wapi? Nilimjibu kwa ufupi, kisha usingizi ukanipaa. Swali lake lilinirudisha Kisumu.

Pale Kisumu nilikuwa na staki ya Cisco Catalyst 3750 mbili katika jengo la ofisi. Nilizipanga mwenyewe, zikafanya kazi mwaka mzima bila lawama. Poti, zile tundu za kuchomeka kebo, zilipokwisha, mteja akanunua swichi ya tatu, ya mtumba. Nikaifunga kwenye raki, nikaiwasha, taa zikawa kijani, ndipo nikachomeka kebo nyuma yake.

Swichi zangu mbili zikajizima papo hapo. Feni zikavuma kwa nguvu, na kabla sijainuka simu ikaita: "Fundi, mtandao umeenda wapi?"

Huko ilikotoka, swichi ile iliwekewa kipaumbele, namba ya kuamua ipi iwe kuu, cha 15, cha juu kabisa. Zangu nilikuwa nimeziacha kwenye 1, kama zilivyotoka kiwandani. Swichi zilizowaka zikikutana hushindania ukuu. Mshindi hubaki na usanidi wake, yaani mipangilio yake, walioshindwa hujiwasha upya na kuufuata. Kazi yangu ya mwaka ikafunikwa na VLAN, migawanyo ya mtandao, za mtu nisiyemjua. Hata namba zilihama: swichi yangu ya 1 ikawa ya 3. Nakala niliyohifadhi ilikuwa ya miezi mitano nyuma, na nilitoka mle ndani saa tisa usiku. Mteja alinilipa senti yote, akasema asante, hakunipigia tena. Bado inaniuma.

Mwezi jana, Nakuru, nilisimamisha staki ya swichi nne asubuhi moja, na hakuna mfanyakazi aliyejua nipo. Nilikuwa na karatasi.

Basi andika, ndugu yangu. Andika ipi itakuwa kuu, uipe 15, na ya kuishika mkono, itakayochukua nafasi yake ikianguka, uipe 14. Andika namba kutoka juu ya raki kwenda chini. Hakikisha toleo la programu ni moja kwa zote. Kebo zizunguke, ya mwisho irudi kwa ya kwanza, ili moja ikikatika staki isigawanyike. Laini za kwenda juu, zinazounganisha staki na mtandao mwingine, zigawe kwenye swichi mbili tofauti, usizirundike kwenye moja.

Na swichi ngeni iingie ikiwa imezimwa. Kufuta usanidi wake hakufuti kipaumbele, kwa hiyo kirudishe kwenye 1 mwenyewe. Ukikiacha, itakaa kimya hadi siku stima ipotee, na ikirudi zote zikiwaka pamoja, ngeni inaweza kuchukua ukuu. Sisi wa huku tunajua stima inavyopotea. Andika, usitegemee kichwa.

Mdogo wangu wa Kakamega, kabla hujagusa kebo, nitumie picha ya karatasi yako. Hata iwe usiku, nitaisoma.